Mashine Iliyofunga Ramadhani

Kabla hujagusa waya wowote, kabla hujafungua faili lolote, angalia saa. Si ile ya ukutani. Ya kompyuta. Nimewaambia vijana wa karakana jambo hili mara nyingi hadi wakaanza kuniigiza sauti. Leo nimeamua kuandika sababu yake, kwa maana nikieleza kwa mdomo naona haya, naruka mambo, na yanayorukwa ndiyo yenye maana.

Mnivumilie. Mimi huandika polepole. Nilisoma hadi darasa la nane huko kwetu Kishushe na sikuendelea, na tangu siku hizo kila herufi naiandika kama mtu anayepiga msumari. Tena situlii. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu, moja kuzima jiko na mbili bila sababu yoyote. Miaka ya kusimama kando ya mashine, sikio likingoja mlio ubadilike, ilinipa miguu isiyojua kukaa.

Nilifanya kazi katika karakana moja tu maisha yangu yote, hapo Voi, ng'ambo ya reli, hadi macho yalipokataa kusoma kipimo. Jina langu ni Wakesho. Nilianza kwa kufagia vumbi la chuma. Kisha nikapewa tupa, nikawa nakwangua ncha za vipande. Mwenye karakana alikuwa Bwana Athumani, mtu mrefu wa kofia nyeupe, ambaye ukoo wake ulitoka pwani enzi za babu yake. Alikuwa fundi wa kweli. Alijua chuma kwa kukinusa. Lakini naye hakuwa na utulivu. Akisema nawe, mkono mmoja unapanga spana.

Mwisho wa miaka ya tisini alileta kutoka Mombasa mashine kuukuu ya kuchonga chuma, ya aina inayoendeshwa na kompyuta. Chuma chake kilikuwa kizima kabisa, meza yake inateleza kama siagi, lakini kabati la ubongo lilikuwa limekufa. Ukilifungua unakuta kadi zimeota kutu na mjusi amehamia. Walioitengeneza walikuwa mbali na hawakujibu barua.

Basi akaja Mwalimu Nyambu. Huyu alizaliwa Mwatate, akafundisha ufundi Mombasa, na alimjua Bwana Athumani tangu ujana. Alikuja na kompyuta ya kawaida, nyeupe iliyogeuka njano, boksi la kuendeshea mota alilolichomelea mwenyewe, na sidii moja iliyoandikwa kwa kalamu. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuendesha mashine.

"Hii haina siri," alituambia. "Wale wenye kabati bovu walikuuzia mlango uliofungwa. Hii imeachwa wazi na walioiandika. Kila mstari unaweza kuusoma, ukiudhika unaubadilisha. Lakini ukiharibu, umeharibu wewe. Huna wa kumlaumu."

Kilonzo, mchomeleaji wetu, Mkamba mwenye mdomo usiopumzika, akauliza, "Mwalimu, kama ni ya bure, ina ubaya gani?"

"Ubaya wake ni wewe," Mwalimu akamjibu.

Sasa mtauliza ilikuwaje mimi, mfagiaji, nikawekwa mbele ya kibodi. Ilikuwa kwa sababu ya uandishi wangu wa polepole. Programu ile ilitaka faili la maelezo: mota ina hatua ngapi, skrubu ya meza inasogea kiasi gani, swichi iko tundu gani. Kila kitu kwa maandishi. Bwana Athumani alijaribu kwanza. Aliandika kama anavyotembea, kwa kuruka. Mashine ikakataa kuamka. Kilonzo akajaribu, akasahau nukta moja mahali, na meza iliyoambiwa isogee kidogo ikakimbia hadi ikagonga mwisho, karakana nzima ikatoka nje.

"Nani hapa huandika bila haraka?" Mwalimu akauliza.

Kilonzo akanionyesha kwa kidevu. "Wakesho. Huyo akianza kuandika jina lake, unaenda Taveta unarudi, unamkuta kwenye herufi ya tatu."

Wakacheka. Nikatamani sakafu inimeze. Lakini Mwalimu hakucheka. Alivuta kigoda akaniketisha. Nikachukua daftari langu la hesabu, lile la miraba, na kila kitu nilichogonga kwenye kibodi nikakiandika kwanza kwenye daftari, herufi moja kwa mraba mmoja. Sikujua Kiingereza chote kilichokuwa pale. Nilijua kunakili. Na mashine ikaamka.

Msidhani sikukosea. Siku ya pili niliandika herufi O mahali pa ziro, kwa kuwa kwenye daftari langu vilifanana. Tulitafuta kosa hilo kutwa nzima. Tangu siku hiyo ziro yangu ina mkwaju, mstari wa mshazari, katikati, hata nikiandika namba ya simu. Nanyi fanyeni hivyo.

Siku ile ya kwanza, kabla Mwalimu hajaondoka kwenda kunywa maji, kompyuta iliuliza tarehe na saa. Nikageuka nikauliza kwa sauti ndogo, "Saa ngapi?" Bwana Athumani, aliyekuwa chini ya meza na tochi mdomoni, akatazama mkono wake akasema, "Saa nne na dakika ishirini na tano." Nikaandika kwenye daftari: saa 4:25. Nikagonga hivyo hivyo. Kompyuta ikakubali, nami nikaendelea na mstari uliofuata.

Mshajua tayari nilichofanya. Mimi ilinichukua miezi mitatu.

Acha niwaambie kwanza kuhusu umeme, maana hadithi yote iko hapo.

Umeme wa Voi siku hizo ulikuwa unakonyeza. Taa inafifia kidogo, inarudi, hata hujali. Lakini boksi la mota lilijali. Kila taa ikikonyeza, boksi linalalamika na mashine inasimama katikati ya kazi. Tukampigia Mwalimu simu Mombasa, ile simu ya mezani iliyokuwa ofisini kwa Bwana Athumani. Akatupa mambo matatu. La kwanza, tutafute stabilaiza, lile boksi zito linalonyoosha umeme, tuunganishe mashine hapo. La pili, nibadilishe namba moja kwenye faili, ili boksi likilalamika kidogo tu mashine isisimame, iandike malalamiko hayo kwenye faili la kumbukumbu na kuendelea.

Nikabadilisha. Ukimya ulikuwa mtamu. Lakini sikilizeni, vijana: tulichofanya ni kumwambia mtu anayepiga kelele za moto azipige kwa kuandika barua. Na barua hizo hakuna aliyezisoma.

La tatu lilikuwa waya wa ardhini. Ardhi yetu ni nyekundu na kavu, umeme haupendi kuingia humo. Mwalimu akatuchimbisha shimo nyuma ya karakana, tukazika fimbo ya shaba, akasema shimo limwagiwe maji kila jioni. Kazi hiyo ilimwangukia mlinzi wetu wa usiku, Mzee Mwadime.

Mzee Mwadime alikuwa mtu wa milimani, kutoka juu ya Wundanyi, mtu wa kanisa, koti lake limefungwa vifungo vyote hata kwenye joto linalokausha mate. Alilala mchana katika chumba kidogo kando ya geti, na jioni alitoka na debe lake. Kilonzo hakuacha kumtania, akimwita mzee kwa Kitaita.

"Mghosi, unamwagilia umeme? Utavuna lini?"

"Nitavuna wewe ukishanyamaza," Mzee alisema. "Kwa hiyo sitavuna."

Alikuwa na ufunguo wa karakana. Kila asubuhi aliufungua mlango, akampa Bwana Athumani ufunguo mkononi, kwa mikono miwili, akaenda kulala. Hakuna aliyewahi kufikiria ufunguo huo mara mbili.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vipande vya chuma vya kushikilia visu vya mashine ya kuparua mkonge, kwa kiwanda kimoja upande wa Mwatate. Kila kipande kilikuwa na mashimo sita, na mashimo hayo lazima yakutane na ya mwenzake. Tuliwasha mashine saa mbili asubuhi, tukazima saa kumi na nusu jioni, na jioni ndipo tulipopima vipande vyote pamoja. Na karibu kila jioni, kimoja kilikuwa kibovu. Shimo la nne au la tano limehama, upana wa njiti ya kiberiti. Vingine vyote safi.

Ningependa muelewe jinsi jambo kama hilo linavyomla mtu. Mashine ikiwa mbovu kabisa, unalala. Umejua ni mbovu. Lakini mashine inayokosea mara moja kwa siku, usijue lini, inakunyima hata ladha ya chakula. Tulikaza skrubu zote. Tulipima mchezo wa skrubu ya meza, yaani ule mwanya mdogo wa kwenda na kurudi. Niliiambia meza isogee milimita mia moja, nikapima, ikasogea milimita mia moja, mara hamsini. Tulipuliza vumbi jekundu kutoka kwenye tundu la printa ambako kebo iliingia. Kiwanda kikarudisha gunia la vipande. Bwana Athumani akawa anazunguka mashine mkono nyuma, raundi baada ya raundi, hadi saruji ikaonyesha njia yake.

Halafu Ramadhani ikaingia, na mashine ikapona.

Siku ya kwanza tukasema bahati. Siku ya saba tukaanza kunong'ona. Wiki ya tatu Kilonzo akatangaza, "Bwana Athumani, hii mashine imesilimu. Imefunga. Haigusi kitu kibaya mpaka jua lizame."

"Nyamaza wewe, mimi nimefunga na wewe unanitia dhambini kwa kucheka," Bwana Athumani akasema, lakini alikuwa anacheka kweli. Mwaka huo Ramadhani ilikuwa imeangukia mwezi wa Krismasi. Mzee Mwadime alikuwa amechukua likizo yake ya mwaka, amepanda kwao, na mlinzi wa muda, asiyepewa ufunguo, ndiye aliyemwagia maji shimo. Vipande vikatoka safi mwezi mzima.

Idi ikapita. Mzee Mwadime akarudi, ametuletea ndizi za milimani. Siku hiyo hiyo, jioni, kipande kimoja kikawa kibovu.

Bwana Athumani aliweka kile kipande mezani kwake kama mtu anayeweka sahani tupu. Kilipofuata kingine, na kingine, akampigia Mwalimu simu tena. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Mwalimu akauliza jambo ambalo angeuliza tangu mwanzo kama tungempigia mapema.

"Daftari la mashine linasema nini? Yale malalamiko ya boksi. Wakesho ayasome."

Nikafungua faili, nikatafuta mistari ya malalamiko, nikaisoma kwa sauti kutoka mlangoni, Bwana Athumani akiirudia kwenye simu. "Jana, ziro nne na dakika kumi na mbili. Juzi, ziro nne na dakika tisa. Juzi ile, ziro nne na dakika kumi na tano." Nikapanda juu. Mwezi mzima wa Ramadhani, hakuna hata mstari mmoja wa malalamiko. Kabla yake tena, ziro nne na dakika kumi, ziro nne na dakika kumi na moja.

Simu ikakatika, kama zilivyokuwa zikikatika. Bwana Athumani akabaki ameshika mkono wa simu.

"Ziro nne hiyo ni saa za kizungu," alisema polepole. "Hiyo ni saa kumi. Saa kumi ya alfajiri."

"Hata muadhini saa hiyo bado anajinyoosha," Kilonzo akasema.

Nikaona jinsi macho yao yalivyogeuka, yote kwa pamoja, kuelekea geti. Nani anakuwa ndani ya ua saa kumi ya alfajiri? Nani ana ufunguo? Nani anashughulika na nyaya za nyuma kila jioni? Na nani hakuwepo mwezi ule mashine ilipotulia? Hesabu ilijijibu yenyewe. Hata mimi niliiamini, na ninaandika hili nikiwa na aibu.

Mzee Mwadime aliamshwa akaja akifunga vifungo vya koti.

"Mzee, unawasha mashine yangu usiku?" Bwana Athumani alimuuliza, mbele yetu sote.

"Mimi? Bwana Athumani, mimi hata kile kitaa cha kijani cha kompyuta hukipitia mbali."

"Basi unamfungulia nani?"

"Simfungulii mtu."

"Kwa hivyo daftari linadanganya? Kompyuta haina mjomba hapa Voi, wala shangazi. Haina sababu ya kukusingizia."

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Aliponifikia nilitazama viatu vyangu. Kisha akasema, "Miaka tisa nimekupa ufunguo huu kwa mikono miwili." Akauchukua mezani ulipokuwa tangu asubuhi, akaurudisha kwa mkono mmoja, akatoka. Bwana Athumani akasema kwa mgongo wake kwamba hadi saa kumi jioni awe ameondoka.

Kazi ikarudi, lakini mikono haikurudi. Mimi nilitumwa kunakili mistari yote ya daftari la mashine, ili Bwana Athumani awe na ushahidi wa karatasi. Nikaketi na daftari langu la miraba. Mwingine angenakili ile mistari ya malalamiko tu akamaliza. Mimi sijui kuruka. Nilianza juu kabisa ya siku na kushuka mstari kwa mstari.

Na hapo ndipo nilipoona. Mstari wa kwanza wa kila siku ulisema mashine imewashwa ziro mbili na dakika tano, au saba. Mstari wa mwisho ulisema imezimwa kumi na nusu. Kila siku. Baada ya hapo, hakuna kitu. Nikatafuta mchana wetu. Nikatafuta kazi yetu ya alasiri, vipande vyote tulivyochonga baada ya chakula, haikuwepo. Kwa daftari hilo, sisi hatukuwahi kufanya kazi mchana. Kwa daftari hilo, tulikuja kazini saa nane za usiku na kwenda nyumbani saa nne na nusu asubuhi, sisi sote, kila siku, miezi mitatu.

Nikarudisha kurasa za daftari langu hadi siku ile ya kwanza. Mraba kwa mraba, kwa mwandiko wangu: saa 4:25.

Kompyuta haikujua saa zetu. Nilipoandika nne, ilijua nne yake, nne ya giza. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba asubuhi yetu ni usiku. Haikudanganya. Ilirudia tu nilichoiambia, nasi tukachukua jibu lake tukaligeuza mara ya pili, kwa uangalifu mkubwa, kwenda saa kumi ya alfajiri.

Basi malalamiko yalikuwa ya saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi sisi hufanya nini? Tunakunywa chai. Tunaiacha mashine ikichonga peke yake, tunavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha chai. Sote isipokuwa Bwana Athumani, anayekunywa ofisini.

Nikainuka. Nikaenda kwenye stabilaiza. Ilikuwa na nyaya nne. Moja ya kompyuta, moja ya mota, moja ya taa ya mashine. Ya nne ilikuwa nyeupe, ikipita kwenye tundu la ubao kuingia ofisini. Nilikuwa nimeiona mara elfu na kila mara nikidhani ni ya feni. Nikachungulia. Bwana Athumani hakuwepo. Waya uliishia kwenye birika la umeme, la chuma, kubwa, la chai ya tangawizi, linalonyonya umeme wote wa stabilaiza likiwashwa.

Birika ambalo halikuchemka hata siku moja mwezi wote wa Ramadhani.

Nataka mjue nilichofikiri baada ya hapo, kwa sababu nyinyi mnaniona mtu mzima mnadhani nilizaliwa na ujasiri. Nilifikiri hivi: nikichomoa waya huu mweupe nikauweka kwenye tundu la ukutani, vipande vitatoka safi kuanzia kesho. Nikigonga saa sahihi kwenye kompyuta, hakuna atakayejua ilikuwa na makosa. Mashine itapona, mimi nitabaki kwenye kigoda changu. Na Mzee atakuwa ameondoka, na kupona kwa mashine kutakuwa ushahidi wa mwisho juu yake.

Nilikuwa mtu ambaye hata kuagiza chai kibandani nilinong'ona. Nilirudi kwenye kibodi. Nikaondoka. Nikaenda hadi mlangoni, nikaona geti, na kupitia dirisha la chumba kidogo nikaona mkono wa Mzee ukifunga sanduku kwa kamba. Nikarudi kwenye kibodi. Kilonzo akainua kioo chake cha kuchomelea.

"Wakesho, umekalia siafu?"

Nikachukua daftari nikaenda kumtafuta Bwana Athumani. Nilimkuta nyuma, amesimama kwenye lile shimo la waya wa ardhini, akilitazama.

"Bwana," nilisema. "Si Mzee. Ni mimi."

Aligeuka. Nikamwonyesha mraba wa siku ya kwanza, kisha mistari ya kuwasha na kuzima. Alichukua daftari, akasoma, akatazama saa ya mkononi mwake. Akasoma tena.

"Wewe ndiye uliyeandika saa nne."

"Ndiyo."

Alifunga daftari. "Nani alikutajia?"

Nilitazama mkono wake wenye saa.

"Nilikuwa chini ya meza," alisema. "Subhanallah. Nilikuwa na tochi mdomoni."

"Kuna jambo la pili," nikasema, kwa sababu nilijua nikinyamaza hapo sitasema tena. "Birika."

"Birika gani?"

"La chai yako, bwana. Liko kwenye stabilaiza."

Uso wake ulibadilika. "Unaniambia chai yangu ndiyo inayoharibu chuma?"

"Nasema tujaribu."

Tukajaribu. Nilifunga kipande cha taka kwenye mashine, nikaianzisha, nikafungua daftari la mashine kwenye kioo. Kilonzo na wengine wakasogea. Bwana Athumani akaingia ofisini, tukasikia maji yakimiminwa. "Nimewasha!" akapiga kelele. Taa ya mashine ikafifia kidogo, kidogo tu, kama mtu anayepepesa. Mota ikatoa mguno ambao kama hujangoja usingeusikia. Na kwenye kioo mstari mpya ukatokea: ziro nane na dakika arobaini na saba.

Kilonzo akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na saba, mchana, jua limesimama nje.

"Hii kompyuta ni Mswahili," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nilipima mashimo. La nne lilikuwa limehama upana wa njiti ya kiberiti; umeme ulipofifia mota iliruka hatua.

Bwana Athumani alivua kofia, akaivaa, akatoka. Tulimwona akienda getini na ufunguo mkononi. Hatukusikia alichosema. Tulisikia jibu, kwa sababu Mzee Mwadime alilisema akiwa amesimama mlangoni na sanduku lake.

"Ulinikosea mbele ya watu. Unaniomba radhi faraghani?"

Bwana Athumani akageuka akarudi ndani, Mzee nyuma yake. Akasimama katikati ya karakana, pale kwenye njia aliyoikanyaga mwenyewe kwa kuzunguka, akasema mbele yetu sote kwamba Mzee hakuwasha mashine, hakumfungulia mtu, na kwamba kosa lilikuwa la birika lake na ulimi wake. Akampa ufunguo kwa mikono miwili. Nami nikasema langu, kwamba saa niliiandika mimi. Nadhani Kilonzo peke yake ndiye aliyenisikia, lakini nilisema.

Birika likahamia tundu la ukutani. Saa nikaisahihisha, na ile namba ya kuvumilia malalamiko nikairudisha ilivyokuwa, ili boksi likilalamika mashine isimame na kila mtu asikie. Vipande vikatoka safi, kiwanda kikanyamaza. Mwalimu aliposimuliwa alicheka hadi simu ikakatika yenyewe.

Lakini Mzee Mwadime hakurudi kuwa yule wa zamani. Alimwagia shimo maji, alimjibu Kilonzo, yote hayo. Ila kesho yake asubuhi hakumpa Bwana Athumani ufunguo mkononi. Alikuja kwenye kigoda changu, akauweka juu ya kibodi.

"Una lile daftari?"

"Ninalo, mzee."

"Andika. Ufunguo umepokelewa, na saa. Saa zetu. Na huko pembeni andika usiku au mchana, usije ukanizika tena."

Nikaandika: saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ufunguo umepokelewa kutoka kwa Mzee Mwadime. Ilinichukua muda kama kawaida yangu. Kesho yake tena, na kesho kutwa, na kila asubuhi ya kazi hadi alipostaafu akapanda kwao. Nilijaza madaftari manne. Watu wote wa karakana ile waliwahi kuniambia niharakishe, hata Bwana Athumani, hata Mwalimu. Mzee Mwadime hakusema hivyo hata siku moja. Alisimama kando yangu na koti lake lililofungwa, usingizi umemjaa machoni, akitazama kalamu inavyosogea, na hakuondoka mpaka nukta ya mwisho iwekwe.